Uzi wa fritilaria: kulima zile adimu na kuzifanya zichanue kila mwaka

Vyungu_vya_Sheffield (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila ukifika mwezi wa nne humu jukwaani zinamiminika picha za tulipu. Safari hii kuna wadau wameweka picha ya ua la zambarau lililoinamisha kichwa, petali zake zina vyumba vyumba kama ubao wa drafti, wakauliza ni nini na mbona kama limechorwa kwa mkono. Hiyo ni fritilaria. Mliyoipiga picha ni Fritillaria meleagris, ndiyo ya bei nafuu, na wengi wetu ugonjwa ulianzia hapo. Ana jamaa zaidi ya 130 walioenea Ulaya, Uturuki, Iran, Asia ya Kati, China na Japani, halafu ng'ambo ya pili kuanzia Alaska hadi California. Wengine ni wa njano, wengine wekundu kabisa, wengine kijani chenye michirizi ya kahawia, ambao mtu asiye na ugonjwa huu atawapita bila kugeuka.

Naandika kwa sababu naona watu wanaambiana kwamba zile adimu hazichanui, zinatoa majani tu. Zinachanua. Ila kubali kwanza kwamba ua la mwezi wa nne lilishaamuliwa mwaka uliotangulia. Tunguu hujaza ghala lake katika zile wiki chache ambazo majani yako kijani. Baadaye, likiwa limelala udongoni na wewe unadhani hakuna kinachoendelea, ndipo chipukizi la ua hutengenezwa ndani yake. Mtu anayepiga picha, anasukuma chungu nyuma ya nyumba na kukisahau, ameshaliua ua la mwakani. Na mwakani atamlaumu aliyemuuzia.

Utaratibu wangu hapa Sheffield, Uingereza, uko hivi. Mwezi wa saba au wa nane, majani yakishakauka kabisa, namwaga udongo, nakagua matunguu, napanda upya. Tunguu la fritilaria halina ganda kavu la nje kama kitunguu maji. Ni magamba mawili matatu manene, meupe, yaliyoshikana, kwa hiyo likiachwa mezani linasinyaa upesi. Nawashangaa wanaonunua yale yanayoning'inia madukani kwenye vifuko vyenye matundu tangu Agosti hadi Novemba. Mkulima makini anakutumia kwa posta likiwa ndani ya vermikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu kidogo.

Udongo: tifutifu sehemu mbili, changarawe ndogo kali sehemu moja, mchanga wa chenga kubwa sehemu moja. Kina ni kama mara tatu ya urefu wa tunguu. Natumia vyungu vya kufinyanga, navizamisha hadi shingoni kwenye sanduku la mchanga. Maji namwagia ule mchanga, chungu kinajinyonyea chenyewe, na baridi kali nayo haiigandishi mizizi kirahisi.

Kiangazi naziacha kavu. Maji ya kwanza ni mwisho wa mwezi wa tisa, na yawe ya kutosha, kwa sababu mizizi inaanza hapo hata kama juu huoni kitu. Desemba na Januari unyevu kidogo tu. Tangu chipukizi zitoe pua hadi jani la kwanza lianze kugeuka njano, nawapa mbolea ya nyanya, ile yenye potashi nyingi, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara kwa mara. Ua likinyauka usiache. Wengi huacha hapo.

Karibuni kwa maswali. Wenye uzoefu tofauti pia mje.

---

kahawa_chungu

Nimekaa paleee 😂

Swali la uchumi: ni kweli zile adimu zinafika pauni 20 kwa tunguu moja? Yaani kitunguu ambacho hata kachumbari hakitoki?

---

Vyungu_vya_Sheffield

Zinafika na kuzidi, mkuu. Na kachumbari usijaribu, yana alkaloidi zenye sumu. Moja inaitwa imperialini, jina limetokana na Fritillaria imperialis, ile ndefu ya rangi ya chungwa inayonuka kama mnyama wa porini.

---

Shangazi_Aberdeen

Mleta mada umeandika vizuri, ila hapo kwenye kiangazi nakupinga kidogo, maana vijana watasoma wakaanike kila kitu juu ya bati.

Hakuna "fritilaria" moja ya kupewa utaratibu mmoja. Uliza kwanza kwao ni wapi na mvua ya huko inanyesha lini. Meleagris ni mtoto wa mabondeni. Nenda North Meadow pale Cricklade, Wiltshire, mwezi wa nne uone. Ni uwanda unaofurika maji ya mto Thames wakati wa baridi, nyasi zinakatwa mwezi wa saba mbegu zikishaanguka, kisha kuanzia tarehe 12 Agosti hadi 12 Februari mifugo inaruhusiwa kulishwa hapo. Mpango huo ni wa karne nyingi na ndio uliowaacha hai, maana kwingine nyanda za namna hiyo zililimwa zikaisha. Sasa ua lililozoea mafuriko, wewe ulianike kiangazi kizima kwa sababu umesoma kwamba matunguu yanapenda ukavu? Linakufa.

Camschatcensis vivyo hivyo. Kwao ni Kamchatka, Japani ya kaskazini, Alaska hadi jimbo la Washington. Inataka mboji nyingi, kivuli kidogo, ubaridi, na unyevu mwaka mzima. Huku kwetu Aberdeen inaota nje kama magugu, ua lake karibu jeusi. Harufu yake sitaisemea. Watu wa asili wa pwani ile ya Amerika walikuwa wakila matunguu yake yaliyoundwa na vipande vidogo kama punje za mchele, wakijua namna ya kuyaandaa, kwa hiyo kahawa_chungu usikurupuke.

Pallidiflora, ya njano iliyopauka, asili yake Kazakhstan na mipaka ya China na Siberia, nayo haidai ukavu. Hiyo ndiyo ninayomshauri mtu aliyemaliza shule ya meleagris. Pyrenaica pia. Hizo hazihitaji banda la vioo wala sanduku la mchanga.

Za Uturuki milimani, michailovskyi, aurea, pinardii, alburyana, zinaishi kando ya theluji inayoyeyuka. Machipuko zinakunywa maji baridi kwelikweli, kiangazi juu panakauka lakini chini udongo una ubaridi. Usizioke. Chungu chini ya kivuli, mchanga wa pembeni uwe na unyevu kwa mbali sana, inatosha.

Zinazotaka ukavu wa kweli ni zile za Iran, Afghanistan na Asia ya Kati, kina gibbosa, stenanthera, bucharica, karelinii. Hizo ukizipa tone la maji Julai unazika. Ua la gibbosa ni waridi lenye madoa, na petali zina vifuko vya mbochi (maji matamu ya ua) vinavyotokeza mgongoni. Ukilichanua hilo Uskochi, wenzako wa klabu wanakuja kukupa mkono.

---

Vyungu_vya_Sheffield

Shangazi nimekuelewa, na nakubali kwa hizo za mabondeni. Lakini kwa Sheffield, michailovskyi naikausha kabisa na inazidi kuzaa. Labda sababu ni mvua: kwako kiangazi chenyewe ni kama vuli ya kwangu. Mtu afuate mvua ya kwao na ya kwake pia.

Tukiwa hapo: michailovskyi ilikuwa adimu kweli, watu walikuwa wanaonyeshana picha tu. Waholanzi wakaizalisha kwa wingi, leo inauzwa kwenye maduka ya kawaida pamoja na mbegu za nyanya. Kahawia iliyoiva yenye pindo la njano. Anayeanza aichukue hiyo, siyo gibbosa.

---

MamaTuli

Jamani mie nina imperialis, nilinunua tunguu kubwa kama ngumi. Mwaka wa kwanza lilichanua vizuri mno. Tangu hapo majani matupu. Nipo Leicester. Nimelikosea nini?

---

Shangazi_Aberdeen

Hujalikosea, lina njaa. Ua la kwanza ulilinunua tayari likiwa ndani ya tunguu, shukrani zake ni za mkulima wa Uholanzi. La pili lilikuwa jukumu la udongo wako. Imperialis inakula kama ng'ombe wa maziwa. Lichimbue majani yakikauka mwezi wa sita, ulirudishe chini kabisa, sentimita 20 hadi 30, mahali pa jua panapopitisha maji, na udongo wenye rutuba. Lile tundu katikati ni mahali shina la mwaka uliopita lilipopita. Wengine hulaza tunguu kiubavu ili maji yasituame humo. Kwenye udongo mzito siyo wazo baya. Kisha mbolea kuanzia Februari mpaka majani yaanguke. Lipe miaka miwili kabla hujalitukana.

Na kiangazi chenye joto kinasaidia, maana kwao ni Uturuki ya mashariki, Iran hadi Kashmir. Mwaka ambao kiangazi kimekuwa cha mawingu, usishangae.

---

MamaTuli

Asante sana shangazi 🙏 Nilitaka kulitupa. Halafu kuna vindege vidogo vya bluu na njano vinaingiza vichwa kwenye hayo maua, vinakula au vinaharibu?

---

Vyungu_vya_Sheffield

Viache dada! Inua ua moja uchungulie ndani: kila petali ina tone kubwa la mbochi linalong'aa, halidondoki. Vindege hivyo vinakunywa na kubeba chavua usoni. Ni moja ya maua machache sana Ulaya yanayochavushwa na ndege. Ulaya haina ndege chozi kama wetu wa kule nyumbani, kwa hiyo hao wamejiajiri.

Wa kuua ni yule mbawakawa mwekundu wa maua ya yungiyungi. Alijikita Surrey tangu 1939, sasa yuko karibu kila mahali. Mayai yake ya rangi ya chungwa yako chini ya majani. Mabuu yake yanajipaka kinyesi chao wenyewe mgongoni ili ndege wasiyaguse. Ukitaka kumkamata mkubwa, weka kiganja au kifuniko chini ya jani kwanza. Akishtuka anajiachia, anaanguka chali, na tumbo lake jeusi halionekani juu ya udongo. Kazi ya kila asubuhi hiyo, kuanzia Machi. Dawa za kupuliza wakati wa maua mimi situmii, nyuki hawana kosa.

---

Daktari_wa_Miti_Shamba

Nasikia hizi ndizo zile Wachina wanatengenezea dawa ya kikohozi. Kwa nini tusilime huku tukauza?

---

Vyungu_vya_Sheffield

Ndizo, cirrhosa na thunbergii hasa. Lakini kuna habari moja ningependa kila mtu hapa aijue. Milima ya Hengduan kusini magharibi mwa China kuna fritilaria delavayi, inaota kwenye changarawe tupu juu sana. Watu wameichimba kwa dawa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 2020 watafiti wa Kunming, China, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha walichokiona: mahali ambapo uchimbaji ni mwepesi na watu ni wengi, mimea imekuwa ya kijivu na kahawia, inafanana na mawe yanayoizunguka. Mahali pasipofikika, bado ni ya kijani kibichi. Ya kijani ilionekana ikachimbwa, ya rangi ya jiwe ikabaki ikazaa. Binadamu ndiye aliyefanya uchaguzi huo bila kujua.

Na inachukua takriban miaka mitano hadi ichanue. Piga hesabu ya biashara mwenyewe.

---

Njombe_Baridi

Wakuu nimesoma kote. Hiyo ya delavayi imenikumbusha chikanda, kile chakula cha viazi vya okidi. Huku kwetu Makete na Kitulo watu walichimba viazi vya okidi kwa magunia, vinavuka mpaka kwenda Zambia kwa chakula. Kuna mabonde ambayo wazee wanasema yalikuwa mazulia ya maua, leo unatafuta. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa 2005 na imesaidia, ila nje ya mipaka yake biashara haikufa.

Swali langu: Njombe mwezi wa sita na wa saba jalidi inashuka, asubuhi nyasi nyeupe. Hizi fritilaria zitakubali?

---

Shangazi_Aberdeen

Mwanangu wa Njombe, jalidi ya alfajiri siyo majira ya baridi. Fritilaria inataka wiki nyingi mfululizo za ubaridi ikiwa na unyevu kwenye mizizi, usiku na mchana. Wewe ifikapo saa nne jua limeshapasha udongo. Isipopata ubaridi wa kutosha, shina halirefuki, na ua likitokea linafunguka limekaa chini udongoni, au linaoza kabla ya kufunguka. Hata huku Uingereza, baridi ikiwa ya vuguvugu tunaona hivyo.

Unaweza kudanganya kwa friji: tunguu ndani ya vermikulaiti yenye unyevu, kama miezi mitatu, mbali na matunda maana gesi ya matunda yanayoiva inaharibu chipukizi la ua. Litachanua mara moja, pengine. Baadaye litapungua mwaka hadi mwaka. Na kuyaingiza matunguu Tanzania ni lazima upate kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na cheti cha afya ya mimea kutoka yanakotoka. Usiyafiche kwenye begi, magonjwa ya matunguu ni ya kweli.

Ningekuwa Njombe ningelima Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la mviringo linalotoka mvua zikianza, na Gloriosa superba, ambayo nayo ina sumu kali kwa hiyo watoto wasichezee kiazi chake. Mimi hapa Aberdeen natamani Gloriosa na nalazimika kuipashia joto. Kila mtu anatamani cha jirani.

---

Njombe_Baridi

😂😂 Nimekusikia shangazi. Nitakutumia picha za Scadoxus mwezi wa kumi na moja.

---

Jangwani_Utrecht

Mada ya mbegu hamjaigusa, na ndiyo njia pekee ya mtu mwenye mshahara wa kawaida kupata zile adimu. Klabu za maua ya milimani za Uingereza na Uskochi zina mpango wa kubadilishana mbegu kila mwaka. Mwanachama analipa ada ndogo anachagua kwenye orodha. Humo nimepata aina ambazo hakuna anayeuza tunguu lake. Waliopo huku Ulaya bara mkumbuke kwamba tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya mizigo ya mimea inadai cheti, kwa hiyo ulizeni kabla.

Mbegu zake ni bapa, nyembamba kama karatasi, zimepangana kwenye kibuyu cha ua. Panda Oktoba, zitawanye kwa nafasi juu ya udongo, zifunike kwa changarawe ndogo, weka chungu nje kinyeshewe na kipigwe na baridi. Usiziingize ndani kwa huruma. Februari au Machi utaona kitu kama nyasi moja moja. Hilo jani moja ndilo kazi yote ya mwaka wa kwanza. Wengi wanadhani ni magugu wanang'oa. Usibadilishe chungu hadi mwaka wa pili uishe, maana matunguu yenyewe ni kama kichwa cha kiberiti na yanapotea kwenye udongo. Mbolea ya nyanya iliyozimuliwa sana, sawa na wakubwa wao.

Ua la kwanza ni mwaka wa tatu kwa zenye haraka, wa tano kwa nyingi, na kuna zinazokaa saba. Faida nyingine ni kwamba virusi vinavyoenezwa na vidukari kwa kawaida haviingii kwenye mbegu. Tunguu la kununua linaweza kuja na ugonjwa wake, mche wa mbegu unaanza safi. Na miche iliyozaliwa kwako imeshazoea hali ya kwako, hapa nakubaliana na Shangazi asilimia zote.

---

kahawa_chungu

Miaka saba?? Mkuu mimi ndoa yangu haina miaka saba.

---

Jangwani_Utrecht

Panda kila mwaka. Ukishafika mwaka wa tano huwi na mwaka usio na kitu kipya.

---

Mwanafunzi_wa_Bayolojia

Nachomekea. Fritilaria assyriaca ina DNA nyingi mno: kiini cha seli yake kina karibu mara 40 ya kile cha binadamu. Kwa muda mrefu ilitajwa kama kinara wa mimea yote, hadi 2010 ua moja la Japani lilipoipiku. Hakuna anayeona faida yoyote ya mzigo huo kwenye bustani 😅

---

MamaTuli

Kumbe ndiyo maana inakula hivyo.

---

Kijana_wa_Croydon

Samahani kwa kuchelewa. Nina recurva kutoka kwa jirani mzee aliyehama. Zile nyekundu kabisa za California na Oregon. Kila mwaka jani moja pana, basi. Na nikimwaga udongo nakuta vipande vyeupe kama mchele vimejaa. Niendelee au nikate tamaa?

---

Shangazi_Aberdeen

Jani moja pana maana yake tunguu halijafikia umri wa kuchanua, au limerudi utotoni kwa njaa. Likiwa tayari litatoa shina lenye majani mengi, hutahitaji kuuliza. Hiyo michele ni watoto, kila punje ni mmea. Ndiyo tabia ya nyingi za Amerika. Tatizo ni kwamba tunguu likiguswaguswa linajigawa kuwa michele na mama anabaki mdogo.

Kwa hiyo mwaka huu tenga: tunguu kubwa peke yake kwenye chungu kirefu, michele yote kwenye kisanduku chake. Usibadilishe udongo wa mama kwa miaka miwili, mlishe tu. Nyingine za California zinaota kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, pluriflora hasa, kwa hiyo mchanganyiko mwepesi wenye mchanga mtupu unazinyima chakula. Ongeza tifutifu. Mvua ya kwao ni ya baridi, kiangazi kikavu. Na nikuambie ukweli, recurva ni mvivu kuchanua Uingereza nzima. Kwao inavutia ndege wavumaji kwa wekundu ule.

---

Vyungu_vya_Sheffield

Kijana wa Croydon, uko karibu na Kew, zile bustani za mimea za London. Nenda Machi au mwanzoni mwa Aprili kwenye lile banda la vioo la mimea ya milimani lililofunguliwa 2006. Vyungu vinaletwa vikiwa vimechanua na kuondolewa vikimaliza, kwa hiyo kila wiki ni vingine. Angalia urefu wa vyungu na ukubwa wa changarawe ya juu. Bustani ya Wisley kule Surrey pia wana banda kama hilo.

Na hiyo michele usiitupe yote, nina pontica na acmopetala za ziada hapa. Zote mbili rahisi, hazina maringo. Nitumie ujumbe mwezi wa nane zikishalala, tubadilishane kwa posta.

---

Kijana_wa_Croydon

Sawa mkuu. Acmopetala nyingi zaidi kama inawezekana, dada yangu naye anataka.